Glasi ya Kinyozi

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Msimulizi wake ni mzee mstaafu aliyemaliza ujana wake akisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mzee Mita. Hakusomea uandishi popote. Kalamu aliizoea kwenye kazi ile ile, akiandika tarakimu huku mbwa wa watu wamemshika suruali. Anaapa kwa masharubu yake, na masharubu hayo si ya mchezo: mvua ikinyesha watu wawili hujibanza chini yake, mmoja kila upande, na hakuna anayelowa. Atakayekuta uongo humu, hata wa ukubwa wa punje ya mchele, na ayanyoe mbele za watu. Yaliyotokea chumbani kwa daktari msimulizi hakuyaona kwa macho. Aliyapata kwa Bi Funguo mwenyewe, mwanamke ambaye hajawahi kudanganya maishani kwa sababu hana muda huo.

Bi Funguo alipata jina kutokana na mlio wake. Kabla hujamwona unamsikia, cha, cha, cha, pete ya funguo ikimgonga kiunoni. Zamani alikuwa na funguo mbili kama binadamu wengine, wa nyumba na wa sanduku la nguo. Zilizobaki zilikuja baada ya mdogo wake kuugua.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa kinyozi wa mtaa ule. Chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachotazama barabara, ndicho kilichokuwa kibanda chake, na humo kilikaa kiti cha chuma chenye kanyagio la kukiinua na kukishusha, ngozi yake imechakaa pale vichwa vinapoegemea. Kinyozi hakuwa mtu wa maneno. Kabla ya kunyoa alipitisha kidole shavuni mwa mteja, polepole, kama anayeziuliza nywele zinalalia upande gani. Zikishamjibu ndipo wembe unashuka.

Asubuhi moja, mteja akiwa kitini na povu usoni, Kinyozi alisimama ghafla. Alisema kioo kinamsema vibaya. Akaukunja wembe, akauweka kwenye kisanduku chake, akamfuta yule mteja povu kwa adabu zote, kisha akatoka akaketi ukingoni mwa mtaro ameziba masikio. Hakumgusa mtu. Lakini kufika saa ya chakula mtaa ulikuwa unasema wembe umeruka, na jioni mteja hana sikio. Mwenye sikio alikuwa anazunguka mtaani na masikio yake yote mawili, ila nani amuulize? Habari ilishanoga.

Alipelekwa hospitali, akapewa dawa, na sauti za kioo zikanyamaza. Alirudi nyumbani mpole, mnene kidogo, anakula anachopewa na kulala anapoambiwa. Bi Funguo akaanza kufunga. Alifunga kisanduku cha wembe na mkasi. Alifunga kibanda. Alifunga kabati la visu, chumba cha jiko, na mlango wa nje. Nywele za mdogo wake zikirefuka alimshika mkono akamvusha barabara hadi kwa kinyozi mwenzake wa ng'ambo, kijana mmoja mwenye redio kubwa aitwaye Chapuchapu, anayenyoa kichwa kizima kabla wimbo haujaisha. Kinyozi alikaa kwenye kiti cha mwenzake kimya, ameikalia mikono yake kama mtoto aliyefunzwa heshima.

"Huyu sasa amepona kabisa," Bi Funguo alimwambia kila aliyeuliza, na wasiouliza pia.

Asubuhi ya siku ya kliniki aliamka na moyo mwepesi. Alikuwa ameshakubaliana na Chapuchapu kwamba mchana atakuja kuchukua kile kiti cha chuma. Alimwachia hata ufunguo wa kibanda, ufunguo pekee aliouona hana haja nao tena. Kiti kile kilikuwa kinamsumbua. Kila akikiona kimejaa vumbi aliona siku ile ya povu. Aliamini kikiondoka, ugonjwa wenyewe utakuwa umetolewa nje kwa mkokoteni. Mdogo wake hakumwambia. Alipanga kumwambia daktari kwanza, apate kupongezwa.

Kwa sababu pale kliniki Bi Funguo alikuwa mtu mkubwa. Ndugu wa wagonjwa wengine walikuja wamechelewa, wamesahau dawa, wamemsahau hata mgonjwa mwenyewe. Yeye alikuja na vidonge vilivyobaki kwenye kifuko, vimehesabiwa, na mgonjwa amechanwa nywele. Muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, humtaja kama mfano.

"Karibu, dada," Muuguzi alisema. "Leo tuna jambo jipya. Msishtuke."

Juu ya meza kulikuwa na jagi la maji na glasi tupu, za kawaida tu, zile nene za mgahawani. Katikati ya chumba wamepitisha pazia, na upande wa pili kuna meza nyingine kama hiyo.

"Tunakunywa dawa hapa hapa?" aliuliza Bi Funguo.

"Hapana. Zamani tulikuwa tunamuuliza mgonjwa, maisha yako ni ngapi kati ya kumi? Kila mtu anajibu nane. Mwenye furaha, nane. Anayelia usiku kucha, nane. Nane imegeuka kuwa salamu, kama nzuri na shikamoo. Kwa hiyo siku hizi hatusemi. Tunamimina. Glasi ikijaa, maisha yako yamejaa, unayapenda yalivyo. Ikiwa tupu, basi tupu. Si ugonjwa tunaopima hapo, huo una maswali yake. Tunapima maisha, na anayepima ni mwenyewe."

Hapo hapo pazia lilifunguliwa akatoka mama mmoja mkavu, mchangamfu, wanayemwita Mama Mchicha kwa sababu ya bustani yake. Alikuwa anabishana na mtu asiyeonekana kuhusu mbolea. Glasi aliyoiacha mezani ilikuwa imejaa karibu ya kumwagika.

Bi Funguo alishusha sauti. "Sista, huyo si bado anaongea na ukuta?"

"Anaongea nao, na ukuta unamjibu. Lakini anauza mboga zake, ana shoga zake wa kucheza nao karata, na anawaibia vizuri tu. Ukuta wenyewe anasema ameuzoea kama mume."

"Basi wangu atamimina mpaka mmwite fundi bomba," alisema Bi Funguo, na Muuguzi akacheka.

"Na wewe utamimina. Upande huu, kumpimia yeye. Kila mtu peke yake, bila kuchunguliana."

Kinyozi alipita nyuma ya pazia. Bi Funguo alinyanyua jagi kwa mikono miwili, akamimina kama anayemkaribisha mgeni wa heshima. Alimimina hadi ukingoni, kisha akaongeza kidogo, maji yakavimba juu ya mdomo wa glasi bila kumwagika. Alisimama akiyatazama. Aliona kazi yake yote humo ndani: uji wa asubuhi, shuka safi, vidonge chini ya ulimi alivyovikagua kwa tochi. Upande wa pili wa pazia hakusikia hata mlio wa maji, akadhani jagi la huko ni zito.

Muuguzi alivuta pazia, akazileta glasi zote mbili na kuziweka sambamba.

"Bado hajamimina," alisema Bi Funguo.

"Amemimina, dada."

"Sista, hiyo glasi ni tupu."

Muuguzi aliiinua kuelekea dirishani. Chini kabisa, pembeni, palikuwa na tone. Moja. Lilitingishika likatulia.

Bi Funguo alihisi kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakanyaga pasipo na kipandio. Alimtazama mdogo wake, akaitazama glasi, akamtazama tena. Mkono wake ulishika funguo kiunoni na kuzibana zisilie, hata hakujua kwa nini.

"Hujaelewa," alimwambia hatimaye. "Wewe hujaelewa maelekezo. Ikijaa ndiyo vizuri."

"Nimeelewa, dada," alisema Kinyozi.

"Labda jagi—"

"Jagi ni zima."

Muuguzi alitoka akarudi na daktari, mtu mrefu mwenye haraka, kalamu sikioni. Daktari hakuketi. Aliuliza maswali yake manne akiwa amesimama, kama alivyoyauliza kila mara. Sauti zimenyamaza? Zimenyamaza. Unalala? Ninalala. Unakula? Ninakula. Dawa unameza? Ninameza.

"Kwa vipimo vyangu," daktari alisema polepole, "huyu ndiye mgonjwa wangu anayeendelea vizuri kuliko wote." Alipomaliza kusema hivyo macho yake yalikuwa bado juu ya lile tone, na kalamu imeanguka kutoka sikioni bila yeye kuiokota. "Bwana, hebu nikuombe. Kumbuka asubuhi ile uliyougua. Ile ya kioo. Nimiminie ya siku ile."

Bi Funguo alitaka kusema hapana, hilo lisitajwe, ni kuchokonoa kidonda. Lakini Kinyozi alikwisha kuvuta glasi nyingine. Alimimina kwa mikono miwili, jagi likigongana na ukingo, maji yakapanda, yakapanda, akasimama katikati. Nusu glasi.

Sasa daktari aliketi.

"Nusu?" aliuliza.

"Nusu, dokta. Sauti zilinitisha, sikatai, na sitaki zirudi. Lakini asubuhi ile nilishanyoa watu wawili, na wa tatu alikuwa kitini. Walikuwa wananiita fundi. Hata nilipoona mambo yameharibika, niliukunja wembe mwenyewe. Hakuna aliyeniambia niukunje."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi wananiita mgonjwa." Alimgeukia dada yake, bila hasira, kama anayemkumbusha kitu alichosahau sokoni. "Wewe ukinitambulisha kwa watu unasema, huyu ndiye mgonjwa wangu."

"Nimekulea kama yai," alisema Bi Funguo, na sauti ikamkatika.

"Ni kweli, dada. Yai hukaa tu."

Kule nje hata Mama Mchicha aliacha kubishana. Muuguzi alivaa miwani.

"Fundi, toa mikono nikuone."

Alikuwa ameikalia. Alipoitoa na kuinyoosha juu ya meza ilikuwa inatetemeka, vidole vyote, tetemeko dogo lisilokoma, kama majani upepo ukiwa mdogo. Bi Funguo hakuwahi kuiona hivyo. Alimlisha, alimfulia, alimvusha barabara, na miaka yote hiyo aliona mtu mwenye adabu anayekalia mikono yake.

"Tangu lini?" aliuliza daktari.

"Tangu mlipoongeza dawa."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza sauti, dokta. Mikono hukuiuliza."

Daktari alikaa akijishika paji la uso. Kisha alianza kuzungumza kwa namna nyingine, taratibu, akimtazama Kinyozi na si dada yake. Alisema dawa hazitaachwa, asidanganyike. Lakini dozi wanaweza kuishusha kidogo kidogo, na kuna dawa nyingine isiyochezesha mikono wanayoweza kuijaribu. Atarudi kliniki mapema kuliko desturi, na kila akija atajibu maswali manne, kisha atamimina. "Sauti zikirudi, niambie. Glasi ikishuka, niambie vile vile. Nilikuwa namtazama mtu kwa jicho moja tu."

Akanyanyua ile glasi ya kwanza. "Na hili tone? Ungeweza kuacha kavu kabisa. Hili ni nini?"

Kinyozi alitabasamu kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. "Hilo ni Mzee Mita, jirani yetu. Juzi alisimama dirishani akaniuliza, fundi, masharubu yangu yamekaa sawa? Nikamwambia la kushoto limezidi. Akasema, nilijua tu, yule Chapuchapu ana makengeza. Basi. Alinisikiliza kama kinyozi."

Msimulizi anawaomba radhi wasomaji asite kidogo hapa, kalamu inateleza.

"Sasa, dada," Muuguzi aliuliza kwa upole, "hapo kiunoni, ni ufunguo gani unaoweza kuutoa leo? Mmoja tu."

Na hapo ndipo Bi Funguo alipokumbuka kiti. Ingekuwa rahisi kunyamaza, lakini kama tulivyosema, hana muda wa kudanganya.

"Kiti," alisema. "Kiti chako cha kunyolea. Nimempa Chapuchapu. Anakichukua mchana huu."

Kinyozi alivuta ile glasi yenye tone, akaigeuza juu chini, akaikita mezani. Tone liliteleza kwenye kioo likaenea kwenye mbao, likaisha. Kisha akaikalia tena mikono yake.

Bi Funguo anasema ameshuhudia misiba, na alikuwepo nyumba ya jirani ilipoungua. Hajaona kitu kilichomtisha kama ile glasi iliyogeuzwa.

Hawakungoja gari la kurudi. Alimshika mdogo wake mkono wakaenda kwa miguu, nusu wakikimbia, funguo zikilia mtaa kwa mtaa hata mafundi viatu wakainua vichwa. Watu walimsalimu hakuwaitika. Kila kitu kilikuwa pale pale, duka la vifaa vya umeme, bomba la kona linalovuja, ukuta wenye tangazo la rangi, na yeye alivitazama kama mtu aliyeshushwa mji mgeni. Nimefanya nini, alikuwa anajiambia. Nimefanya nini kwa mapenzi yote haya.

Walikuta kiti kimeshatolewa. Kilisimama juu ya kibaraza cha barabarani kwenye jua, kimefutwa vumbi, na Chapuchapu na mkokoteni wake wanatafuta namna ya kukipandisha. Majirani wamejaa. Mzee Mita naye alikuwepo, kwa sababu hajawahi kukosa kitu mtaani kwao tangu alipostaafu.

"Kirudishe," alisema Bi Funguo.

Chapuchapu alicheka. "Bibi, tumekubaliana. Umenipa na ufunguo."

"Ufunguo nipe."

"Unanichezea?"

"Sichezi. Kiti kina mwenyewe, na mwenyewe sikumuuliza. Kosa ni langu. Kirudishe ndani."

Chapuchapu aliwatazama majirani, akaona ana hadhira. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kusikilizwa kuliko redio yake. "Sawa, nikirudishe. Lakini niambieni, ndugu zangu, kiti hiki atakaa nani? Nani hapa atampa huyu bwana kichwa chake? Aseme tu, na mimi nitakibeba mgongoni peke yangu mpaka ndani."

Wateja wa zamani wa Kinyozi walikuwepo, wengine alianza kuwanyoa siku harusi zao zilipofungwa. Mmoja alitazama viatu vyake. Mwingine aligundua kuna kitu muhimu angani. Kinyozi alisimama pembeni ya kiti, mikono nyuma, akingoja jibu kama mtu anayesomewa hukumu.

Ndipo Mzee Mita alipojitokeza. Aliupasua umati kama kisu kwenye siagi. "Mimi," alisema, kwa sauti iliyosikika hadi stesheni. Aliketi, akaegemeza kichwa, akatoa koo lake lote nje na kusema, "Fundi, kazi ni kwako, na wembe uwe mkali." Kinyozi akauchomoa wembe, jua likaugonga, ndege wakaganda hewani, magari yakazima yenyewe, na Mzee Mita hakupepesa jicho hata moja—

"Ngoja kwanza," alisema Bi Funguo.

Hapa inabidi ielezwe kwamba habari hii ilikuwa inasomwa kwa sauti. Miezi ilikuwa imepita. Msimulizi alikaa kwenye benchi la wateja, ndani ya kibanda kile kile, karatasi mkononi, na wateja wanasikiliza. Kinyozi alikuwa anamalizia shingo ya mtu. Bi Funguo alikuwa anafagia nywele, na siku hizo pete yake ilishapungua mlio.

"Rudia hapo mwisho," alisema.

"Ndege wakaganda hewani?"

"Kabla ya ndege. Nani aliketi?"

Mzee Mita alikohoa. "Kwa maana ya... kiujumla..."

"Nani aliketi, Mzee?"

"Mtu aliketi," alisema Mzee Mita.

"Mtu mwenyewe ni mimi," Bi Funguo aliwaambia wateja, na ufagio akauegemeza ukutani. "Chapuchapu alipouliza, Mzee huyu alikuwa wa kwanza kuondoka. Alisema ameacha sufuria jikoni. Na kwake siku hiyo hata gesi hakuna, aliniomba moto asubuhi."

Benchi lilicheka mpaka likahama. Msimulizi alishusha karatasi. Kwa vile aliapa, hana budi kuyaandika yaliyobaki kama alivyosimuliwa yeye, bila ndege.

Bi Funguo ndiye aliyetoka mbele. Aliogopa, kwa sababu hata yeye, dada wa tumbo moja, aliyakumbuka yote yaliyosemwa mtaani, ya wembe kuruka na sikio, na usiku mwingi alilala na ile pete chini ya mto. Alikitoa kisanduku ndani, akachomoa ufunguo wake, akauweka kwenye kiganja cha mdogo wake, akaketi kwenye kile kiti juani mbele ya watu wote, akavua kitambaa cha kichwa.

"Nipunguze huku nyuma," alisema. "Pameota vibaya."

Alisikia kisanduku kikifunguliwa nyuma yake. Alisikia wembe ukikunjuliwa, akafumba macho. Kisha akasikia wembe ukikunjwa tena na kurudishwa.

"Wembe bado, dada," alisema Kinyozi. "Mikono yangu ninaijua. Leo ni kitana na mkasi."

Akapitisha kidole kisogoni mwake, polepole, akiziuliza nywele zinalalia wapi. Hapo ndipo Bi Funguo alipolia, mbele ya kadamnasi, kimya kimya. Alikuwa ameuficha wembe ule miaka yote asiushike, na siku aliyomrudishia, ni mdogo wake mwenyewe aliyeurudisha kisandukuni. Kama alivyoukunja siku ile ya kioo. Chapuchapu alitazama mpaka mwisho, akazima redio yake iliyokuwa juu ya mkokoteni, kisha akakibeba kiti mgongoni kama alivyoahidi. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Alikiingiza ndani kwa kukikokota, na hakuna aliyemcheka.

Huo ndio ukweli. Tangu hapo glasi haikupanda moja kwa moja kama mita ya maji. Ilifika vidole viwili, ikashuka. Wakati mmoja sauti zilirudi kunong'ona, Kinyozi akaenda kliniki mwenyewe kabla ya siku yake, dawa ikarekebishwa. Mikono ilitulia taratibu. Daktari siku hizi, kabla ya maswali yake manne, anasogeza jagi.

"Sasa," alisema Bi Funguo, "nakumbuka kuna mtu aliapa. Aliapa kwa kitu gani vile?"

"Uongo wenyewe ni mdogo," alisema Mzee Mita.

"Ulisema punje ya mchele. Huu ni gunia."

Wateja walishasimama kumpisha. Mzee Mita alitazama mlango, akaona Bi Funguo amesimama hapo, amekunja mikono. Akaenda akaketi. Kiti kilinyanyuliwa kwa kanyagio, kikaegemezwa nyuma, na dari likawa mbele ya macho yake. Kinyozi alimpaka povu, akapitisha kidole upande mmoja wa masharubu, kisha wa pili.

"La kushoto bado limezidi," alisema.

"Fundi," alinong'ona Mzee Mita, "siku ile, ile sufuria—"

"Najua hukuwa na gesi, Mzee."

Wembe ulikunjuliwa. Mzee Mita alisikia ubaridi wake chini ya pua, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kusimulia. Alishika mikono ya kiti. Kiti kizima kilianza kulia, kri, kri, kri.

"Tulia, Mzee," Kinyozi alimwambia taratibu. "Leo anayetetemeka si mimi."